Diski Mbili za Mchezo Mmoja

Rafu yenyewe ni ya mbao za mkaratusi. Imepigiliwa ukutani katika nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji wa Nyeri, upande ule ambao asubuhi za Julai ukungu huteremka kutoka Nyandarua ukakaa barabarani hadi saa nne. Juu yake yamepangwa makasha ya michezo ya video, migongo ikitazama nje, na katikati ya safu makasha mawili yana mgongo mmoja: Grand Theft Auto: San Andreas, ya PlayStation 2, ile ya mwaka 2004. Hayakuwekwa pamoja kwa bahati mbaya. Jalada la kwanza limepauka, plastiki imepasuka kwenye bawaba, na diski iliyo ndani ina mikwaruzo ya kila upande. La pili ni zima, hata ile karatasi ya ramani iliyokuja na mchezo bado inashika mikunjo ya kiwandani. Mwenyeji wangu aliniona nikiyatazama, akatabasamu, akaenda kuchemsha chai. Sikumuuliza kitu. Swali lilikuwa limeshaingia, na maswali mengine huharibika yakijibiwa upesi: mtu anunue kwa nini kitu alicho nacho?

Niliwahi kusikia mazungumzo ya aina hiyo katika soko la Karatina, kwenye meza ya vifaa vya mitumba vya umeme. Muuzaji aliigeuzageuza diski mkononi, akamtazama mteja wake. "Hii si uko nayo, bosi? Si ulinunua hapa kwangu?" Mteja akajibu, "Niko nayo. Nifungie tu." Muuzaji alisita kabla ya kupokea pesa, na kusita kule nilikuelewa. Huku ni kwa wakulima wa kahawa, ambao huvuna, hupeleka kiwandani, kisha hungoja malipo kwa miezi. Shilingi ya huku imechelewa sana kufika mfukoni, na kuitumia mara mbili kwa jambo moja kunakaribia utovu wa adabu. Wahenga walishaonya kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini wahenga hao hao ndio waliosema akiba haiozi, wala hawakutuachia hakimu wa kuamua kati ya kauli zao mbili. Mkusanyaji wa michezo anaishi hapo katikati, diski moja mkono huu na nyingine mkono ule, akisubiri kuona ni ipi itakayoponyoka kwanza.

Sisi wa rika langu katika miji hii ya Mlima Kenya hatukuanza na diski. Tulianza na kaseti za plastiki za miaka ya tisini, zilizochomekwa kwenye mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom ya Nintendo, ile iliyozinduliwa Japani Julai 1983. Kaseti ilipogoma tuliitoa, tukaipuliza, tukairudisha. Kibandiko chake kilidai kwamba ndani mna michezo 9999, na orodha ilipojitokeza kwenye televisheni ilijaza kioo, ukurasa baada ya ukurasa. Kisha ukaanza kugundua. Mchezo wa ishirini na tano ni ule wa kwanza uliopewa jina lingine. Wa arobaini ni Contra ile ile, ila inaanzia hatua ya tatu. Michezo halisi pengine ilihesabika kwa vidole, na iliyobaki ilikuwa mwangwi wake. Hizo ndizo nakala za kwanza nilizozijua maishani, wingi usio na kitu ndani yake, na nadhani zilitufundisha mapema kuishuku namba na kuukagua mchezo wenyewe. Mtu aliyelelewa na kaseti ile hanunui nakala ya pili kwa kudhani anaongeza michezo. Anajua vizuri kabisa kwamba mchezo ni mmoja.

Baadaye zikaja PlayStation, na pamoja nazo vyumba vya gemu: Nanyuki, Kerugoya, Chuka, Embu, Othaya, kila mji na vyake, nyuma ya kinyozi au juu ya duka la pembejeo. Benchi la mbao, televisheni yenye kisogo kikubwa, pedi mbili zilizofungwa utepe mahali waya ulipochunika, na malipo kwa mechi. Anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki. Katika vyumba hivyo diski haikujua kupumzika. Ilitolewa ikiwa moto, ikashikwa na vidole vyenye mafuta ya chipsi, ikalazwa juu ya meza kifudifudi huku nyingine ikiingizwa. Stima ikipotea, inabaki ndani ya mashine mpaka stima irudi. Siku moja mchezo unakwama kwenye picha ya kusubiri, na watu wazima wanasimama kimya wakiitazama. Mmoja anaitoa na kuipangusa kwa fulana. Mwingine analeta dawa ya meno, anaisugua taratibu kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Wakati mwingine ilikubali.

Jambo la ajabu ni kwamba kuchezwa kwenyewe hakuidhuru diski. Katika DVD, data imelala katikati, kati ya tabaka mbili za plastiki zenye unene wa milimita 0.6 kila moja, na leza huisoma bila kuigusa. Mwanga hauchubui. Kinachoua diski ni mikono inayoiingiza na kuitoa, kuipokea na kuipitisha, mikono ya wale wale wanaoipenda. Mchezo usiopendwa hubaki mpya. Nikiziangalia diski za pale rafuni, ile iliyokwaruzika ndiyo yenye ushahidi, maana kila alama juu yake ni jioni ya mtu fulani. Na nilipofikiri zaidi niliona kwamba hata hiyo haijabeba chochote cha mwenyewe. Saa zote alizocheza, mji alioufungua mtaa kwa mtaa, vimeandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 iliyochomekwa mbele ya mashine. Diski haimjui. Ni sawa kabisa na nyingine zote za toleo lake, na bado yeye anaitambua yake kwa kuipapasa.

Lakini je, ni sawa kweli? Hapa ndipo wakusanyaji wanapowashinda wale wanaowacheka. San Andreas ya 2004 si San Andreas ya baadaye. Katikati ya mwaka 2005 iligundulika kwamba ndani ya mchezo mna sehemu ya mambo ya chumbani ambayo waundaji waliifunga bila kuifuta. Ikazuka kelele kubwa Marekani, kiwango cha umri kikapandishwa, maduka yakaondoa mchezo kwenye rafu, na likatengenezwa toleo jingine lisilo na sehemu hiyo. Miaka ikapita, leseni za baadhi ya nyimbo zinazopigwa redioni ndani ya mchezo zikaisha, na katika matoleo yaliyouzwa kwa kupakuliwa nyimbo hizo zikakatwa. Mwaka 2021 ukaja mchezo ule ule ukiwa umepakwa rangi upya, na matoleo ya zamani yakaondolewa madukani mwa intaneti. Jina la San Andreas halikuondoka kamwe. Aliyenunua mara tatu katika miaka hiyo alinunua vitu vitatu, na mwenye kutaka wimbo aliousikia akiwa na miaka kumi na minne hana budi kuirudia ile diski ya kwanza.

Kwetu kulikuwa na tofauti nyingine, ya mwendo. Televisheni za Kenya zilifuata mfumo wa PAL, picha zikipigwa mara 50 kwa sekunde. Za Marekani na Japani zilipigwa mara 60. Mashine na diski zilizopita Dubai zilikuwa za upande wetu. Diski alizoleta mjomba kutoka Marekani, zimefungwa ndani ya sweta kwenye sanduku, hazikukubali kucheza mpaka fundi apachike chipu. Na kwa kuwa michezo mingi ya zamani ilihamishwa kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kurekebishwa vizuri, huku kwetu ilikimbia polepole zaidi, karibu moja ya sita. Wahusika walitembea taratibu, muziki ukavutika. Hatukujua. Tulidhani huo ndio mwendo wa dunia ile. Mtu aliyekulia Kirinyaga na nakala ya PAL akiisikia leo ile ya Marekani huiona ina haraka, huiona si yenyewe, ingawa ndiyo asili, kama waundaji walivyokusudia. Ananunua nakala ya pili ili ajue mchezo ulivyo, na anabaki na ya kwanza ili ajue ulivyokuwa kwake. Gũtirĩ mũthenya ũkĩaga ta ũngĩ, husema wazee wa huku: hakuna siku inayopambazuka sawa na nyingine. Ndivyo zilivyo diski hizi zenye mgongo mmoja.

Wapo wanaonunua ya pili na kuiacha ndani ya utando wake wa kiwandani, isifunguliwe milele. Julai 2021, mnadani Marekani, nakala ya Super Mario 64 iliyofungwa hivyo iliuzwa kwa dola milioni 1.56. Hapo mimi nashuka. Mchezo uliokatazwa kuchezwa umebaki karatasi na plastiki, na bei yake ni habari ya soko la fedha zaidi ya habari ya michezo. Sisemi wanakosea kuuza. Nasema tu kwamba siuoni moyo wa jambo hili pale.

Moyo wake nauona kwenye kuazima. Kukopa harusi, kulipa matanga, na kila aliyekuwa na diski moja nzuri anajua matanga hayo. Rafiki anakuja Ijumaa, anaomba hadi Jumapili. Unampa, na kutoka dakika ile moyo hautulii. Jumatatu unauliza kwa utani. Jumatano utani umepungua. Wiki ya tatu unasikia diski iko Mweiga kwa binamu yake, na unagundua kwamba umeanza kumchukia mtu uliyesoma naye tangu darasa la kwanza, kwa sababu ya duara la plastiki. Mwenye moja hana namna: ama ananyima ama anaumia. Sasa mpe ya pili. Moja inakaa, moja inatembea. Anaweza kuisahau ile inayotembea, anaweza hata kuiaga, na uso wake mbele ya rafiki unabaki ule ule wa zamani. Mama wa huku akipika githeri hupima sufuria kupita idadi ya watoto wake, kwa sababu kuna mtu ambaye bado hajabisha hodi, na nakala ya pili nayo imepimwa hivyo. Imenunuliwa kwa ajili ya mkono ambao haujafika: mpwa atakayekuja Desemba shule zikifungwa, jirani mpya, mtoto ambaye leo bado ananyonya. Na mchezo wa video, tofauti na kitabu, ulizaliwa ukimngoja mtu huyo. PlayStation 2 ina matundu mawili ya pedi mbele yake, la kushoto na la kulia. Aliyeichora alimwekea mgeni nafasi kabla hajajua jina lake.

Ndiyo maana naiona kuwa hasara kubwa kwamba michezo mingi ya leo haiazimiki. Unainunua kwa kuipakua, ukiwa na bando la kutosha kwa gigabaiti mia, na unachopewa ni leseni iliyofungwa kwenye akaunti yako. Hakuna cha kumkabidhi mtu mlangoni. Wala si kwamba chenye diski kimepona. The Crew, mchezo wa mbio za magari wa kampuni ya Ubisoft uliotoka Desemba 2014, uliuzwa kwa diski, kwenye kasha, kwa pesa kamili, lakini haukuweza kuchezwa bila kuunganishwa na seva za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa. Mwenye nakala moja alibaki na plastiki, na mwenye nakala kumi alibaki na plastiki kumi. Watu walikasirika kiasi kwamba kulianzishwa Ulaya kampeni ya kudai sheria, na mwaka 2025 saini zake zikapita milioni moja. Usiache mbachao kwa msala upitao, tuliambiwa tungali wadogo. Lakini hapa hata mbacha umeshonewa uzi ambao ncha yake iko mkononi mwa mtu mwingine, mbali, na siku akiuvuta mbacha wote unafumuka. Dhidi ya vumbi, mwizi, mtoto na fulana, nakala ya pili ni kinga. Dhidi ya seva haisaidii kitu. Mkusanyaji analijua hilo, na nafikiri ndiyo sababu anang'ang'ania zaidi zile za zamani, zinazojitosheleza, ambazo zikiingizwa kwenye mashine hazimuombi mtu ruhusa.

Sehemu hii ya Kenya ina sababu ya kulielewa hilo kuliko kwingi. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliodai uhuru, alikamatwa Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa hapa hapa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kumbukumbu za kesi yake zilikaa miongo mingi mbali na macho ya wananchi, hadi zilipochapishwa kitabuni mwaka 2017. Na mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa wameishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso ya kambini, serikali hiyo ilikiri kwamba ilikuwa na faili takriban 1,500 za Kenya, zilizosafirishwa kwa ndege uhuru ulipokaribia na kuwekwa kimya mahali paitwapo Hanslope Park. Nyingine zilikuwa zimechomwa kabla ya bendera kubadilishwa. Karatasi zile zilikuwa na habari za baba na mama zetu, zikiwa mkononi mwa mmoja, na aliyezishika ndiye aliyeamua zionekane lini. Miaka yote hiyo wazee walikuwa na miili yao na vinywa vyao, na wakaambiwa hiyo haitoshi. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wengine wengi walioteswa hawakuwa hai tena wa kupokea.

Sisemi mchezo wa video una uzito wa faili zile. Nasema mazoea ya kuhakikisha kitu hakibaki kimoja, tena mahali pamoja, chini ya ufunguo mmoja, ni mazoea mema popote yanapoanzia, hata yakianzia kwenye rafu ya kijana mwenye pesa kidogo ya ziada. Sheria ya Marekani humtaka mwenye haki ya kazi iliyochapishwa apeleke nakala mbili kwenye Maktaba ya Bunge, tena za toleo lililo bora. Mbili, kana kwamba waliotunga walijua moja si hesabu ya kutunzia. Huku kwetu Treetops ya mwaka 1932, ile nyumba ya mtini ambako binti mfalme Elizabeth alilala usiku wa baba yake kufariki Februari 1952, iliteketezwa na Mau Mau mwaka 1954. Iliyojengwa mwaka 1957 ni nyingine, karibu na pale, na wageni waliolala humo walisimuliwa habari za ile ya kwanza. Jina liliendelea, mti ulikuwa majivu. Hiyo ni nakala iliyokuja baada ya hasara. Mkusanyaji anajaribu kuitangulia.

Na amefika mahali ambapo diski si tatizo tena. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani, na mashine nyingi zilizobaki zinakufa kwa ugonjwa mmoja: lenzi ya leza inachoka, haioni tena data hata kwenye diski safi kabisa. Basi wenye rafu wanatafuta mashine ya pili, na ya tatu, si za kucheza, ni za kuchunwa. Nanyuki nilimwona fundi mmoja amezifungua mbili mezani, bisibisi mdomoni, anahamisha lenzi ya hii kwenye mwili wa ile. Moja ilikuwa na injini nzuri na jicho bovu, nyingine jicho zima lakini ubao wake uliliwa na maji ya mvua iliyopita paani. Alifanya kazi karibu saa nzima bila kusema. Ilipowaka alimwambia mteja asiitupe iliyobaki, amletee na nyingine yoyote atakayoipata, hata iliyokufa kabisa, kwa kuwa lenzi hii nayo ameikuta imetumika na hawezi kumdhamini zaidi ya mwaka mmoja au miwili.